Lafudhi ya Wagosi: Tanga katika Historia ya Hip Hop ya Kiswahili

Historia ya hip hop kwa kawaida husimuliwa kama safari yenye vituo vinavyojulikana. Huanza tarehe 11 Agosti 1973 katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue, Bronx, ambako DJ Kool Herc, kijana aliyezaliwa Jamaika, alipiga santuri katika sherehe ya dada yake. Hupitia "Rapper's Delight" ya mwaka 1979, huvuka bahari hadi Paris na Dakar, na hatimaye hutua Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa sauti ya Saleh Jabir, aliyeghani kwa Kiswahili juu ya mdundo wa "Ice Ice Baby". Hapo msimulizi hutua mzigo. Dar es Salaam huwa ndiyo Tanzania, na Tanzania huwa ndiyo Kiswahili.

Makala haya hayana ugomvi na safari hiyo, bali na kituo chake cha mwisho. Yanadai kwamba kughani kwa Kiswahili na kughani kwa Kiswahili cha mahali ni matukio mawili tofauti ya kihistoria. La kwanza lilitokea Dar es Salaam. La pili lilitokea kwa uwazi zaidi Tanga, na namna tunavyoziandika nyimbo hizi katika tasnifu na makala zetu imekaribia kulifuta.

Tukio la kwanza limeandikwa vya kutosha, kwa hiyo nitalipita upesi. Kwanza Unit, kundi lililoundwa mwaka 1993, lilighani kwa Kiingereza na Kiswahili. Kuanzishwa kwa Radio One mwaka 1994, na Clouds FM miaka michache baadaye, kuliwapa vijana mawimbi ambayo Radio Tanzania haikuwapa. Mr. II, kwa "Ni Mimi" (1995) na kazi zilizofuata, aliweka wazi kuwa hadhira kubwa ilikuwa ya Kiswahili, na kufikia "Funga Kazi" ya Hard Blasters Crew (2000) na "Machozi, Jasho na Damu" ya Professor Jay (2001) suala la lugha lilikuwa limekwisha kuamuliwa. Nchini Kenya mambo yalikwenda kwingine: Kalamashaka na waliowafuata Nairobi waliegemea Sheng, kwa kuwa huko Kiswahili hakikuwa kimeshika nafasi ya lugha ya mtaa kwa namna ileile. Lakini kile kilichoshinda Dar es Salaam kilikuwa Kiswahili cha mji mkubwa, chenye misimu mingi na lafudhi isiyomtambulisha msemaji kuwa wa kwao wapi. Hata jina Bongo Fleva linaubeba ushindi huo, kwani "Bongo" lilikuwa jina la utani la Dar es Salaam kabla ya kutanuka likawa la nchi nzima.

Mtu anayeijua pwani ya kaskazini atashangaa Tanga ichukuliwe kuwa mpokeaji tu katika jambo lolote la lugha au muziki. Gazeti la Kiongozi, lililochapwa Tanga katika shule ya serikali ya Wajerumani tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, lilichapisha mashairi ya walimu na makarani vijana walioyatolea maoni mambo ya siku zao. Mapema zaidi, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alikuwa ametunga utenzi juu ya Wadachi kutamalaki Mrima na upinzani wa Abushiri, aliyenyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, jirani na mji, mwaka 1909. Baada ya uhuru, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilipiga dansi lililosikika hadi Kenya, na Black Star Musical Club, pamoja na sauti ya Shakila, iliibadilisha taarabu ikatoka katika kivuli cha Unguja. Askew (2002), alipotaka kuandika jinsi taifa linavyojengwa kwa muziki, alikwenda kufanya utafiti wake Tanga.

Utajiri huo ulisimama juu ya uchumi maalumu. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na kati ya miche 1,000 aliyoiagiza ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Miaka 60 baadaye Tanganyika ilikuwa ikiongoza duniani kwa zao hilo. Manamba waliletwa kutoka pande zote za nchi, na Jamhuri Jazz yenyewe ilianza kwa jina la Wanyamwezi. Bei ya mkonge ilipoanguka, na mashamba yalipodhoofika baada ya kutaifishwa, mji ulibaki na bandari isiyo na shehena ya kutosha, reli iliyopooza na viwanda vilivyofungwa kimoja baada ya kingine. Vijana walioshika kipaza sauti mwishoni mwa miaka ya 1990 walikulia katika mji uliokuwa ukisimuliwa na wazazi wao kwa wakati uliopita.

Katika mazingira hayo ndipo walipotokea Mkoloni na Dr. John, waliojiita Wagosi wa Kaya. Jina hili lastahili kutazamwa kabla ya nyimbo. "Mgosi" ni neno la Kibondei, lenye ndugu yake katika Kisambaa, lenye maana ya mwanamume, na katika mazungumzo ya Tanga limekuwa neno la kuitana kwa heshima yenye utani ndani yake. "Kaya" ni nyumbani. Jina zima lilikwisha kuwa la utani la timu ya Coastal Union, mabingwa wa Tanzania mwaka 1988. Kwa hiyo vijana hawa walichukua jina ambalo mji wote ulikuwa tayari ukilishangilia uwanjani. Lilinganishe na majina yaliyotawala Dar es Salaam wakati huo, mengi yakiwa ya Kiingereza. Kundi moja la Upanga lilijiita East Coast Team kwa kuiga pwani ya mashariki ya Marekani, ilhali pwani ya mashariki ya Afrika ilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu. (Sisemi hivi kwa dhihaka. Kuazima jina ni sehemu ya sanaa hii tangu Bronx.)

Nyimbo zao zilizovuma mwanzoni mwa miaka ya 2000 zililenga shabaha za karibu. "Wauguzi" iliwakabili wahudumu wa afya na lugha yao kwa wagonjwa, "Trafiki" ikawakabili askari wa barabarani, na "Tanga Kunani" ikauuliza mji wenyewe umekuwaje. Waghani wengi wa wakati huo walikosoa serikali. Wagosi walimkosoa mtumishi wa serikali ambaye msikilizaji amekutana naye asubuhi ileile, na walifanya hivyo kwa lafudhi ambayo redio ya taifa ilikuwa haijapata kuiruhusu isipokuwa katika michezo ya kuchekesha. Nionavyo, hili ndilo tukio la kihistoria. Kiswahili sanifu kilichaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kwa kuegemea Kiunguja, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Tangu hapo lahaja za Mrima zilikuwa na mahali pawili tu pa kuonekana hadharani: katika maelezo ya wanaisimu, kama Whiteley alivyokieleza Kimtang'ata mwaka 1956, na katika kinywa cha mchekeshaji. Wagosi waliingia kwa mlango wa mchekeshaji. Msikilizaji wa Mwanza au Iringa alianza kwa kucheka kiimbo, na kabla hajamaliza kucheka alikuwa amekwisha kusikia shtaka.

Yafaa tukae kidogo katika kiimbo hicho, maana ndipo hoja ya kiisimu ilipo. Imezoeleka kusemwa kwamba mghani ni mrithi wa malenga. Kauli hiyo inapendeza, lakini inaficha tofauti ya msingi. Shairi la kimapokeo huhesabu silabi, nane na nane kwa kawaida, bila kujali mkazo uko wapi, na kina chake ni silabi ya mwisho. "Bandari" na "desturi" huweza kukamilisha kina kimoja kwa sababu zote zinaishia na -ri. Mghani hahesabu silabi. Ana mapigo manne ya mdundo, na mkazo wa Kiswahili, unaokaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, hutafuta kukaa juu ya pigo. Katika mfumo huo silabi ya mwisho haina nguvu, na kina kinachosikika ni kile kinachoanzia kwenye irabu yenye mkazo: "bandari" hujibiwa na "hatari", "habari" na "sukari", lakini "desturi" hupwaya. Anayedhani kwamba waghani wa Dar es Salaam waliendeleza tu vina vya babu zao na azisikilize upya kaseti zao. Walivunja kina cha zamani na kujenga kingine, kirefu zaidi.

Tanga ilileta ugumu wa kuvutia. Usemi wa huko, hasa katika kuita, kushangaa na kuuliza, huivuta silabi ya mwisho ya kauli. Mghani anayesema kwa kiimbo hicho huipa silabi isiyo na mkazo urefu wa kutosha kulifikia pigo linalofuata. Hivyo kina cha silabi moja, ambacho kingepwaya katika kinywa cha mghani wa Dar es Salaam, husimama. Sidai kwamba Mkoloni na Dr. John walikusudia kumrudisha malenga. Nadai kwamba lafudhi yao iliwapa nafasi ya kimizani ambayo Kiswahili kisicho na mahali hakina, na kwamba waliitumia.

Si kila mghani aliyetoka mkoa huo alipita njia hiyo. MwanaFA, mwenyeji wa Muheza, alijijengea jina Dar es Salaam, akiwa pia na East Coast Team niliyoitaja, na katika kazi kama "Bado Nipo Nipo" ustadi wake uko katika hoja na kejeli ya Kiswahili laini cha mjini. Alichaguliwa mbunge wa Muheza mwaka 2020, na mwaka 2023 akateuliwa Naibu Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Michezo. Roma, mwana wa Tanga vilevile, alichukua shabaha za Wagosi akazipandisha ngazi hadi kwa watawala wenyewe. Mwezi Aprili 2017 alichukuliwa na watu wasiojulikana pamoja na wenzake kutoka studio jijini Dar es Salaam, akaonekana tena baada ya siku tatu, na mwaka uliofuata alifungiwa kwa miezi sita kwa sababu ya wimbo "Kibamia". Sanaa husimamiwa na wizara ileile aliyokuja kuitumikia mwenzake wa Muheza. Kwa wote wawili lafudhi ya nyumbani husikika kwa mbali tu, pale mghani anapokasirika au anapotania.

Hali hii si ya Tanga peke yake. Nchini Ufaransa, kundi la IAM la Marseille lilitoka katika bandari iliyoishi chini ya kivuli cha Paris, likaipa albamu yake ya mwaka 1991 jina la sayari ya Mars, ambalo ni herufi za mwanzo za jina la mji wao, na mwaka 1993 likaifikisha lafudhi ya kusini nchi nzima kwa wimbo wa kuchekesha kuhusu madansi ya vijana wa zamani, "Je danse le Mia". Huko nako kicheko kilitangulia. Marekani yenyewe ilihitaji OutKast wa Atlanta, katikati ya miaka ya 1990, ili New York na Los Angeles zikubali kwamba Kusini nako kuna usemi. Mombasa, Ukoo Flani walighani wakiwa mbali na Nairobi kabla ya kuungana na wenzao wa Dandora. Pote huko mji wa pili ulidai nafasi kwa sauti yake kabla ya kuidai kwa mada.

Na hapo ndipo taaluma yetu inapohusika moja kwa moja. Mwanafunzi wa uzamili anayechambua "Tanga Kunani" huanza kwa kuunukuu wimbo kwa maandishi, na huunukuu kwa tahajia sanifu. Irabu iliyovutwa huandikwa moja. Kiimbo hakiandikwi kabisa. "Mgosi" huwekwa katika hati mlazo kama neno geni, katika wimbo ambamo neno geni pengine ni "trafiki". Kisha mchambuzi huorodhesha dhamira, na dhamira zinazobaki, yaani rushwa, uzembe na umaskini, ni zilezile za wimbo wowote wa wakati huo, na Wagosi huonekana kundi la kawaida tu. Kaseti zilizobeba ushahidi zimekaa katika nyumba za watu tangu miaka hiyo, kwenye joto na chumvi ya pwani, na utepe wa sumaku hauvumilii vyote viwili kwa muda mrefu. Unukuzi wa kifonetiki wa nyimbo tano tu, wenye alama za urefu wa irabu na mahali pa pigo, ungekuwa na faida kubwa kwa historia ya fasihi hii kuliko tasnifu nyingine ya dhamira. Whiteley alikitendea Kimtang'ata haki hiyo kabla Black Star haijaanza kusikika vizuri nje ya Tanga, na hakuwa mwenyeji.