Rada ya Saa: Vile Utachagua Saa ya Mkono ya Kudumu Bila Kutoboa Mfuko

Najua utauliza: kila mtu ana simu, na simu ina saa, sasa ya mkono ni ya nini? Jibu liko hapo nje. Uko tao, steji imejaa, unataka kujua kama umechelewa intavyu. Ukichomoa simu, kuna mtu kwa nduthi alikuwa anaingojea tu. Ukicheki mkono, ni sekunde moja na umemaliza. Halafu kuna pahali simu haifai kabisa: chumba cha mtihani wa KCSE, mkono ukiwa na simiti ama grisi, ama ukiwa juu ya nduthi na mvua inakunyeshea.

Kupata saa si shida. Kuanzia Luthuli hadi River Road zimejaa, zinawaka kama taa za nganya. Shida ni kupata ile haitakufa kabla hujalipa rent ya tatu. Habari njema ni kwamba tofauti ya saa ya kazi na saa ya kuringa ni vitu chache tu, na mob ya hizo unaweza kuzicheki mwenyewe ukiwa umesimama hapo dukani. Hizi hapa.

1. Anza na hesabu, si sura

Tuseme unabuy saa ya soo tano na inakufa kila baada ya miezi minne. Kwa mwaka ni saa tatu, yaani 1,500. Kwa miaka 7 umemwaga 10,500 na mkononi hauna kitu. Sasa tuseme umejipanga mos mos ukanunua ya thao tatu, ikakaa hiyo miaka 7. Hiyo ni kama 430 kwa mwaka. Hata ukiongeza mkanda mpya mara mbili, bado uko mbele kabisa.

Kwa hivyo kama doo ni kidogo, wewe ndio hufai kununua saa mbovu. Sonko akiharibikiwa ananunua ingine kesho. Wewe hiyo ni lunch ya wiki.

2. Jua inasukumwa na nini

Saa nyingi za bei ya chini ni za kwatzi. Ndani kuna kipande kidogo cha jiwe la kwatzi. Betri inakitetemesha mara 32,768 kwa sekunde, na saa inahesabu hiyo mitetemo. Saa ya kwanza ya mkono ya aina hii kuuzwa ilikuwa Seiko Astron, Japani, tarehe 25 Desemba 1969. Bei ilikuwa yeni 450,000, na kwa hiyo pesa wakati huo ungepata gari ndogo. Leo mbinu ileile iko ndani ya saa ya mia chache.

Somo ni gani? Usidanganywe eti saa ghali ndio inajua wakati. Casio F-91W, ile nyeusi ndogo ya plastiki, inakosea kama sekunde 30 kwa mwezi. Saa ya otomatiki, ile inajivuta na mwendo wa mkono wako, inaweza kukosea hivyo kwa siku chache tu. Ukiiacha kwa meza siku mbili tatu, inasimama. Na siku ikitaka fundi, si kila fundi wa kando ya barabara ataiweza. Ni mashine tamu, lakini kama hii ndio saa yako ya kwanza ya kuchapa nayo kazi, chukua kwatzi.

3. Maji: hapa ndio wengi huchomeka

Saa ikiandikwa mita 30, hiyo haimaanishi utapiga mbizi mita 30. Hiyo namba ni ya kipimo cha maabara, saa ikiwa imetulia na mipira yake ikiwa mipya. Kwa maisha ya kawaida isome hivi:

- "Water resist" bila namba, ama mita 30: mvua kidogo, kunawa mikono, jasho. Basi.
- Mita 50: kuogelea kidogo, maji yasiyo na kina.
- Mita 100: kuogelea bila wasiwasi.
- Mita 200: kazi nzito ya maji. Ni chaguo poa kwa wasee wa bahari kule Mombasa na Lamu.

Usibonyeze vitufe saa ikiwa ndani ya maji, juu hapo ndipo maji hupita. Na usioge nayo maji moto. Mvuke na sabuni huchosha ile mipira ya ndani ya kuzuia maji. Ukishaiogesha na chumvi ya bahari, isuuze na maji safi.

4. Geuza saa, soma mgongo

Huu ndio ukaguzi wa bure ambao wasee wengi huruka. Pindua saa usome maandishi ya nyuma. Ukiona "Stainless steel back", maana yake ni hicho kifuniko cha nyuma peke yake ndicho chuma kisichoshika kutu. Mwili uliobaki unaweza kuwa chuma dhaifu kilichopakwa rangi ya fedha ama dhahabu. Jasho likishakula hiyo rangi, saa inaanza kuwa kijani na mkono unawasha. Unayotaka ni ile imeandikwa kwamba yote ni "stainless steel", ama uchukue ya plastiki ngumu ujue ni plastiki. Plastiki haishiki kutu.

Kioo nacho ni aina tatu. Cha plastiki huchubuka haraka, lakini hakivunjiki ovyo, na mikwaruzo midogo unaweza kuisugua na dawa ya meno ikapotea. Cha madini ni kigumu zaidi, ila kikipigwa vizuri kinapasuka. Cha safaya kinakwaruzwa na vitu vichache sana, lakini kinapandisha bei. Kwa mtu wa mjengo ama gereji, cha plastiki ama cha madini kinatosha kabisa.

Mkanda pia ucheki. Pima upana wa pale unaposhikana na saa. Ukiwa milimita 18, 20 ama 22 ulionyooka, utapata mwingine kwa urahisi. Ukiwa na umbo lake la ajabu, siku ukikatika utatafuta hadi uchoke.

5. Feki zinajiuza zenyewe ukijua pa kuangalia

Hakuna aibu kuvaa saa isiyo na jina. Noma ni kulipa bei ya jina halafu upewe kivuli chake. Cheki hivi:

- Ukiona "Rolex" ambayo mshale wa sekunde unaruka tik, tik, tik, mara moja kwa sekunde, hiyo ni story za jaba. Rolex za siku hizi hutembea kwa springi, na mshale wake unateleza.
- Kama saa ina vidude vitatu vya duara ndani, ibonyeze. Vikiwa havisongi, ni michoro tu.
- Kwa F-91W, finya kile kitufe cha kulia, chini, kwa sekunde tatu hivi. Ile orijino inaandika jina la kampuni kwa kioo. Kuna feki zimejifunza hiyo pia, kwa hivyo isiwe ndio ushahidi wako wa pekee. Angalia maandishi kama yamenyooka, vitufe kama vinabonyezeka vizuri, na uitishe risiti na waranti.

Smartwochi za bei ya kutupa nazo ni stori ingine. Zinataka chaji kila baada ya siku kadhaa, na nyingine zinajigamba eti zinapima sukari ya damu bila kukudunga. Februari 2024, FDA ya Marekani iliwaonya watu wasitumie saa ama pete za aina hiyo kupima sukari. Kama mzazi wako ana kisukari, usimwachie saa imwambie dawa ya kumeza. Hapo ni maisha, si fashoni.

6. Chache ambazo zimejithibitisha

Casio F-91W ilitoka 1989 na bado inauzwa. Ina gramu 21 tu, na betri yake imekadiriwa kukaa kama miaka 7. Ukitaka ya maji, Casio W-800H ni mita 100 na betri ya miaka 10. Hiyo inamfaa sana mtu wa nduthi. AE-1200WH nayo ni mita 100 na miaka 10, na inaonyesha saa za miji mingine ya dunia, poa kama una fam majuu na hutaki kuwapigia wakiwa wamelala. Q&Q, jina la bei nafuu la kampuni ya Citizen, lina saa za mishale zenye mita 100.

Ukipata nguvu zaidi, kuna G-Shock. Injinia Kikuo Ibe wa Casio alianza kuiwaza baada ya saa aliyopewa na babake kuanguka na kuvunjika. Alitaka saa inayostahimili kuanguka mita 10, maji ya presha ya baa 10, na betri ya miaka 10. Alijaribu zaidi ya mara 200 kabla ya ile ya kwanza kutoka mwaka wa 1983.

7. Kuidunga na kuitunza

Vaa mkono ambao huandiki nao, juu kidogo ya mfupa wa kiganja. Kidole kimoja kiweze kupita chini ya mkanda. Ukibana sana, jasho na sabuni hukwama hapo na ngozi inaanza kuwasha. Itoe ukilala, na kila wiki osha mkanda kwa sabuni kidogo na kitambaa.

Kwa mathree, ile mikanda ya chuma inayovutika kama mpira hutoka kwa mkono kirahisi. Mtu wa dirishani akivuta, imeenda. Mkanda wa bakoli una ubishi zaidi.

Na wewe fundi wa jua kali, sikiza: ukishika betri ya gari, toa saa ya mkanda wa chuma. Ikigusa pande mbili za betri, inageuka moto sasa hivi na kukuchoma hadi nyama. Karibu na mashine inayozunguka, toa saa yoyote ile.

Mshale wa sekunde ukianza kuruka sekunde mbili ama nne kwa mpigo, kwa saa nyingi hiyo ni betri inakuaga. Usingoje. Betri iliyokufa ikikaa ndani inaweza kuvuja na kuua mashine yote. Ukienda kwa fundi, soma herufi za betri ya zamani. Kama ilikuwa SR, usikubali LR kwa sababu ni rahisi. LR nguvu yake hushuka mos mos na huvuja zaidi. Mwambie pia aangalie ule mpira wa kuzuia maji kabla ya kufunga mgongo.

8. Ya mwisho: isome Kiswahili

Saa yako inasema 8:00, shosho anasema saa mbili. Wote wako sawa, juu sisi tunahesabu kuanzia macheo. Kwa saa ya mishale kuna njia ya mkato: angalia namba iliyo upande wa pili wa mshale mfupi. Mshale ukiwa kwa 8, ng'ambo yake ni 2. Ukiwa kwa 1, ng'ambo ni 7. Mdosi akikuambia "kesho saa mbili" na wewe ukatokea mchana saa nane, hata G-Shock haitakuokoa.

Kwa hivyo ukienda tao wikendi hii, nenda na maswali manne: inasukumwa na nini, inavumilia maji gani, mgongo unasema nini, na mkanda wake unapatikana? Ikijibu yote vizuri na bei iko ndani ya mfuko wako, funga mkononi uende zako. Ikishindwa mbili, rudisha mezani, hata kama inawaka aje.