Mwegemeo: Neno la Kupimia Habari za Kisimayu

Alfajiri ya 28 Septemba 2012 wanajeshi wa Kenya walishuka ufukweni nje ya Kisimayu, mji wa bandari kusini mwa Somalia. Haukupita muda, msemaji wa jeshi akatangaza kutoka Nairobi kwamba mji umetekwa. Wakazi waliopigiwa simu na waandishi walisema wapiganaji wa kundi la al-Shabaab, walioushikilia mji, bado wamo. Siku ya pili al-Shabaab wakatangaza kwamba wameondoka wenyewe, kwa mbinu za vita. Askari wa Kenya na wenzao Wasomali wa kundi la Ras Kamboni waliingia mjini mwanzoni mwa Oktoba. Msikilizaji wa Lamu au Mombasa alipewa basi miji mitatu kwa jina moja: uliotekwa, ulioachwa, na ule ambao watu wake walikuwa wamejifungia ndani wakisubiri.

Kasoro iliyomo katika habari za namna hii tumezoea kuiita upendeleo. Neno hilo ni zuri, ila limezaliwa na kupenda, na hapo ndipo linapotupoteza. Refa akiipa penalti timu ya kwao, huo ni upendeleo. Lakini mwandishi anayesafiri na kikosi, akila chakula chao na kulala nyuma ya bunduki zao, hana haja ya kukipenda kikosi ili habari yake ipindike. Ameandika alichokiona, na alichokiona ni kile kinachoonekana kutoka pale aliposimama.

Kwa hiyo napendekeza tuseme mwegemeo. Baharia wa visiwa vya Koyama au Chovai, kusini mwa Kisimayu, hahitaji kufafanuliwa: shehena ikipakiwa ubavu mmoja, mashua itaegemea, hata nahodha awe mtu mwema kiasi gani. Swali la kwanza la msomaji liwe hilo, shehena imekaa upande gani? Nani amenukuliwa kwanza, nani amepewa sentensi moja mwishoni, nani hakuulizwa kabisa? Wapo wanaotumia mwelekeo, lakini mwelekeo ni njia ambayo chombo kinaifuata, na chombo kilichoegemea kinaweza kuwa katika njia yake sawasawa.

Mwegemeo huanzia hata kwenye jina. Wabajuni, Waswahili wa pwani hiyo, husema Kisimayu, na huweka ndani yake kisima kilicho juu. Wasomali huandika Kismaayo, na ramani za Waitaliano, waliokabidhiwa Jubaland na Waingereza mwaka 1925, ziliandika Chisimaio. Kisha njoo kwenye vitenzi: kukomboa, kuteka, kuvamia. Vyote vitatu vyaweza kusimulia alfajiri ile ile, na kila kimoja kimeshatoa hukumu kabla msomaji hajafika kwenye nukta.

Propaganda ni jambo jingine, kwa sababu ndani yake mna kusudi. Asili yake ni Kilatini. Mwaka 1622 Papa Gregory wa 15 aliunda idara ya kueneza imani, na neno likatoka katika jina la idara hiyo. Tafsiri yake ya moja kwa moja, uenezi, tunayo. Lakini Tanzania uenezi ni cheo cha heshima ndani ya chama, na mwenezi hajifichi. Kasumba nayo, ambayo asili yake ni afyuni, hutaja kinachobaki kichwani mwa msikilizaji, wala si kazi ya aliyemlevya. Nakubali tubaki na propaganda, mradi tusiitupe ovyo kila tunapochukizwa na habari.

Januari 2012 msemaji wa jeshi la Kenya alisambaza kwenye Twitter picha za mtu akipigwa mawe, akisema ni Mkenya aliyeuawa na al-Shabaab Kisimayu. Picha zilikuwa zimepigwa Desemba 2009 huko Afgoye, karibu na Mogadishu. Kama alijua, ni propaganda. Kama hakujua, ni uzembe, na neno sahihi linatulazimisha tuthibitishe kwanza kusudi. Al-Shabaab wenyewe walikuwa wamefungua akaunti yao mwezi mmoja kabla, wakaandika kwa Kiingereza. Lugha hiyo haikuchaguliwa kwa ajili ya mvuvi wa Kisimayu. Walengwa walikuwa nje.

Uko mwegemeo mmoja ambao hauna hata sentensi ya kukosoa, nao ndio unaoniuma zaidi. Somalia iliishtaki Kenya mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 2014 kuhusu mpaka wa baharini, na hukumu ikatoka 12 Oktoba 2021. Katika habari nilizosoma wakati huo, za pande zote mbili, palikuwa na mafuta, gesi, ramani, mawakili na heshima ya taifa. Bahari iliyobishaniwa inaanzia karibu na Ras Kiamboni, katikati ya pwani ya Wabajuni, watu wenye ndugu Chula upande wa Somalia na ndugu Kiwayuu upande wa Kenya. Nilitafuta humo sauti ya mvuvi mmoja wa Kibajuni. Sikuipata.