Sange, Julai 2010: moto uliokuta hakuna wazimamoto

Kila mara moto unapozuka Bukavu, Uvira ama Goma, raiya huuliza swali lile lile: pompie wako wapi? Swali hilo si la leo. Mashariki ya Kongo imekwisha kulipa damu nyingi kwa kukosa watu wa kulijibu.

Tarehe 17 Januari 2002, volkeno Nyiragongo ililipuka. Mto wa moto ukapita katikati ya mji wa Goma mpaka ziwani, na raiya kwa maelfu wakakimbilia Gisenyi, inchini Rwanda. Hakuna kizimamoto duniani kinachozima lava. Lakini siku nne baadaye, tarehe 21, wakati watu walikuwa wameanza kurudi, kituo kimoja cha mafuta kililipuka huku wakichota mafuta. Makumi ya watu walikufa. Wale hawakuuawa na mlima. Palikosekana kikosi cha kuzunguka kituo kile na kuwazuia watu wasisogee.

Miaka minane baadaye, jambo hilo lilirudi kwa ukali zaidi. Ijumaa tarehe 2 Julai 2010, jioni, lori la mafuta lililotoka Tanzania lilipinduka Sange, kwenye barabara Nationale 5, katika bonde la Ruzizi, kaskazini mwa Uvira. Inchi ilikuwa imetoka kusherehekea miaka 50 ya uhuru siku mbili tu mbele. Esanse ikamwagika barabarani. Wengine walikuja na bidoni na masufuria kuchota, wakiwemo watoto. Wengine walikuwa wamejaa kwenye nyumba za sinema wakitazama Kombe la Dunia. Moto ulipowaka, uliwakuta wote. Zaidi ya watu 230 walikufa, na wengi walizikwa katika makaburi ya pamoja.

Helikopta za Umoja wa Mataifa zilibeba majeruhi. Tume ya MONUC ilikuwa imebadili jina kuwa MONUSCO jana yake tu. Msalaba Mwekundu uliokota maiti. Msaada huo wote ulifika baada ya moto. Kikosi cha kufika kabla, Sange hakikuwako.

Kabla ya moto, mzimamoto angefanya nini? Kazi yake ya kwanza ni kufukuza watu. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, ukiingia nyumbani bila kuonekana, mpaka ukute mbabula, taa ama sigara. Mtu aliyefunzwa anajua hilo: anafunga barabara, anaamuru moto wote wa jirani uzimwe, halafu anafunika mafuta kwa povu ama mchanga. Maji matupu husambaza mafuta yanayowaka.

Ndiyo maana kununua gari peke yake hakutoshi. Tufanye hesabu. Gari moja linahitaji dereva, kiongozi, mtu wa pampu na wawili wa kushika mpira wa maji: watu watano. Wakipokezana zamu tatu kwa siku, ni watu 15. Ongeza wa kushika nafasi ya wagonjwa na walio likizo, unakaribia 20, kwa gari moja tu. Wote walipwe kila mwezi, hata mwezi ambao hakuna kilichoungua. Hapo ndipo vikosi vingi hufia: gari lipo limeegeshwa, dereva ameenda kutafuta chakula cha watoto, tangi halina maji.

Kwa miaka mingi, macho ya watu yaligeukia MONUSCO. Mwezi wa Juni 2024 tume hiyo iliondoka Kivu Kusini. Mgeni husaidia, lakini hulala kwake.

Tangu hapo vita imesukuma familia nyingi kwenye vibanda vya turubai na nyumba za mbao zilizobanana, ambako gari haliwezi kupita. Huko zamu inabaki mikononi mwa wenyeji: njia iachwe wazi kati ya vibanda, ndoo ya mchanga ikae karibu na mbabula, na ijulikane nani anakesha usiku. Na lori la mafuta likipinduka, wazazi wawavute watoto mbali, hata kama esanse inamwagika bure. Sange ilionyesha bei yake.