MGB na injini ya V8: mtu wa nje alivyowatangulia wenye kiwanda

Leo tuiache PHP na seva kando kidogo. Nimekuwa nikisoma habari za magari ya zamani na kuna kisa kimoja ambacho naona mtu yeyote anayeandika programu atakielewa upesi.

Hapa Nairobi ukikaa na wapenda magari, mazungumzo ya kubadilisha injini huwa ni ya nguvu tu. Farasi wangapi? Turbo ipo? Sijamsikia mtu akianza kwa kuuliza uzito. Lakini hilo ndilo swali lililoamua mambo yote ya gari la MGB, ambalo lilitiwa injini kubwa mara mbili: kwanza na kiwanda chenyewe na halikupendwa, kisha na mtu binafsi na likapendwa.

MGB ilianza kuuzwa mwaka 1962 kutoka kiwanda cha MG kule Abingdon, Uingereza, kwanza bila paa. Mwaka 1965 ikaja MGB GT, yenye paa la chuma na mlango wa nyuma, umbo ambalo Pininfarina wa Italia walisaidia kulichora. Gari zuri kweli, lakini injini yake ya silinda nne, cc 1,798, ilitoa nguvu 95 tu za farasi. Wenye magari walitaka zaidi.

Kiwanda kikajibu mwaka 1967 kwa MGC. Walichukua injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, cc 2,912, ya chuma kizito, wakaisukuma ndani. Nguvu zikafika 145. Tatizo ni kwamba injini hiyo ilizidi ile ya kwanza kwa karibu kilo 95, na uzito wote huo ulikaa puani. Haikutosha mahali pake, hivyo boneti ikafanyiwa kinundu na springi za mbele zikabuniwa upya. Waandishi walioliendesha walilalamika kuwa ukikata kona, pua inataka kwenda moja kwa moja. Walitengeneza karibu magari 9,000, na mwaka 1969 wakaacha.

Sasa turudi nyuma kidogo, tuvuke hadi Marekani. Mwaka 1961 kampuni ya General Motors ilitoa injini ndogo ya V8, lita 3.5, yote ya alumini. Ilikuwemo katika Buick Special na Oldsmobile F-85. Uzito wake ulikuwa kilo 145 hivi, jambo la ajabu kwa V8 ya siku zile. Lakini alumini ilikuwa ghali kuisubu, vyuma vingi vilitoka na kasoro vikatupwa, na wenye magari waliotia maji yasiyofaa kwenye radieta waliona kutu ikiziba njia za maji. Baada ya 1963 GM wakaachana nayo, wakarudi kwenye chuma cha kawaida. Wengine hawakuiona kama taka. Jack Brabham alishinda ubingwa wa dunia wa Formula 1 mwaka 1966 kwa injini ya Repco iliyojengwa juu ya bloku ya Oldsmobile hiyo hiyo!

Mkurugenzi wa Rover, William Martin-Hurst, aliikuta injini hii Marekani kwenye karakana ya watengenezaji wa injini za mashua, akaulizia, na mwaka 1965 Rover wakanunua haki ya kuitengeneza. Wakabadilisha namna ya kuisubu ili iwafae. Ikaingia kwenye Rover P5B mwaka 1967, kisha Rover 3500, na mwaka 1970 kwenye Range Rover. Kwa hiyo ule mngurumo wa Range Rover na Land Rover za V8 ambao wengi wetu tuliusikia kwenye barabara za Kenya una asili ya Buick.

Hapa ndipo anapoingia Ken Costello. Alikuwa dereva wa mashindano ya Mini, mwenye karakana huko Kent. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alianza kuwauzia watu MGB zenye injini ya V8 ya Rover, ya nguvu 150 hivi. Na injini yenyewe haikuwa nzito kuliko ile ya silinda nne aliyoing'oa. Tafakari hapo. Silinda mara mbili, ukubwa karibu mara mbili, na magurudumu ya mbele hayakuhisi tofauti. Kona zikabaki kama zilivyokuwa. Alibadilisha uwiano wa difu ili injini isizunguke kwa kasi bila sababu, akainua boneti kwa sababu kabureta zilikuwa juu mno. Hakuhitaji kulibuni gari upya. Alitengeneza kama magari mia mbili.

British Leyland, waliokuwa wakimiliki Rover na MG kwa pamoja tangu 1968, walikuwa na injini na gari chini ya paa moja. Waliliomba gari la Costello walichunguze, kisha wahandisi wa Abingdon wakajenga la kwao. Lilitoka Agosti 1973 kwa jina la MGB GT V8. Kazi yao ilikuwa safi, siwezi kuwanyima sifa: walizipeleka kabureta nyuma ya injini ili boneti ibaki tambarare, wakasogeza radieta mbele. Walitumia injini ya mgandamizo mdogo kama ya Range Rover, nguvu 137, na gari lilikimbia hadi kilomita 200 hivi kwa saa. Jina la Costello halikuwekwa popote.

Miezi miwili baadaye, Oktoba 1973, vita vya Mashariki ya Kati vilileta uhaba wa mafuta, na nani angetaka V8? Tena bei yake ilizidi ya Ford Capri ya lita 3. Halikupelekwa kuuzwa Marekani, soko kubwa kuliko yote la MG. Hadi 1976 yalitoka magari 2,591 basi. Binafsi nawalaumu wakubwa wa Leyland kuliko waarabu na mafuta yao: kama wangeitumia injini hii mwaka 1968 badala ya kuendelea na ile nzito ya MGC, wangekuwa na miaka mitano ya kuuza kabla ya shida kuanza.

Kwa sisi wa kompyuta, Costello alifanya kazi tunayoijua: kubadilisha sehemu ya ndani bila kuvunja yanayoitegemea. Bahati yake ni kwamba mipaka yote aliiona kwa macho. Bolti, klachi, bomba la ekzosi, waya chache. Ukitia injini ya leo kwenye gari la zamani lazima uhamishe na kompyuta yake, na kompyuta hiyo inatafuta ufunguo, giaboksi na breki za gari ililotoka. Isipozikuta inagoma kuwasha. Ndiyo maana Megasquirt, kompyuta ya injini ambayo Bowling na Grippo walianza kuitoa mwaka 2001 ili mtu aiunganishe mwenyewe kwa mkono, ilipata wafuasi wengi hivyo. Unapanga mwenyewe kwenye jedwali petroli kiasi gani kwa mzunguko gani, na injini haiulizi ilizaliwa wapi.

V8 yenyewe ilirudi ndani ya MGB mara nyingine. Kati ya 1993 na 1995 Rover walitoa MG RV8, lita 3.9, nguvu 190, bila paa, kwa bodi iliyotokana na ile ya zamani. Magari hayakufika hata 2,000, na mengi yalipelekwa Japani.