Impavidus: Neno la Wasiotetemeka

Lugha ya Kilatini ina maneno kadhaa ya kumtaja mtu asiye na woga, na anayekutana nayo kwa mara ya kwanza huyadhania yote kuwa ndugu wa tumbo moja. Kuna intrepidus, kuna interritus, na kuna hili ninalotaka tulizungumze, impavidus. Nimelichagua kwa sababu moja: mshairi aliyelipa umaarufu wake mkubwa kabisa ni mtu aliyepata kukimbia vitani, na akalikiri jambo hilo kwa kalamu yake mwenyewe.

Tuanze na umbo lake. Pavere ni kutetemeka kwa hofu. Pavor ni hofu yenyewe, ile inayomshika mtu ghafla. Pavidus ni mwenye kushikwa nayo. Mbele yake hutiwa kiambishi in-, ambacho hugeuka im- kinapokutana na p, na maana yote ikapinduka: asiyetetemeka. Wapo wataalamu wa asili ya maneno wanaokihusisha kitenzi hicho na kingine, pavire, yaani kupiga na kushindilia, ambacho ndicho kilichozaa pavimentum, sakafu iliyoshindiliwa. Ikiwa ndivyo, basi pavidus ni mtu ambaye hofu imempiga ikamlaza chini kama udongo wa sakafu. Intrepidus ana asili nyingine. Trepidus ni aliyetaharuki, anayepapatika, anayekwenda huku na huku asijue ashike lipi. Kwa hiyo mtu aweza kusimama wima asipapatike hata kidogo, na ndani moyo ukawa umelala chini. Mtu huyo kwa macho ya watu ni intrepidus. Kama ni impavidus, ajuaye ni yeye mwenyewe.

Jambo la pili ni kwamba hili ni neno la kukanusha. Halisemi mtu ana nini, lasema amekosa nini. Sisi tunaposema shujaa, tumekwisha kumsifu; hapana shujaa wa ubaya. Tunaposema jasiri, tunaacha mlango wazi kidogo, kwa kuwa jasiri huyo aweza kuwa mpiganaji na aweza kuwa mtovu wa haya. Impavidus ameuacha mlango wazi zaidi. Kukosa hofu kwaweza kutokana na imani, au wazimu, au ujinga, au kukata tamaa, na neno lenyewe halichagui. Kazi ya kuchagua waliachiwa washairi na waandishi wa historia.

Tazama alivyofanya Vergilius katika utenzi wake mkuu wa Aeneis, alioufia kabla ya kuukamilisha mwaka 19 KK. Katika kitabu cha nane anaieleza ngao ya Aeneas, na juu ya ngao hiyo imechorwa picha ya mbwa-mwitu jike akiwanyonyesha watoto pacha, Romulus na Remus. Watoto wale wanacheza chini ya mnyama mkali, na neno alilowapa ni hili hili. Hawaogopi kwa sababu hawajui. Kisha katika mwanzo wa kitabu cha kumi na mbili anamfananisha Turnus, adui wa Aeneas, na simba wa nchi ya Carthage, aliyechomwa mkuki kifuani na wawindaji; naye simba huyo anauvunja mkuki akiwa impavidus. Huyu hofu imemtoka kwa sababu ameumizwa tayari. Kati ya mtoto mchanga na simba mwenye jeraha pana umbali mkubwa, na neno moja limewakusanya.

Bara hili letu limeingia katika historia ya neno hilo kwa mlango mwingine pia, na kwangu mimi huo ndio wenye uzito kupita yote. Mwaka 203 KK, vita vya pili baina ya Roma na Carthage vikikaribia mwisho, mfalme Syphax wa Numidia alitekwa. Mkewe, Sophonisba, binti wa jemadari Hasdrubal wa Carthage, alibaki katika jumba la kifalme huko Cirta, mji ambao leo ni Constantine nchini Aljeria. Aliyeingia jumbani akiwa mshindi alikuwa Masinissa, mfalme mwingine wa Kinumidia, rafiki wa Warumi. Sophonisba alimlaki mlangoni, akamwomba jambo moja tu: asimtie mikononi mwa Warumi. Masinissa alimwahidi, na ili kuitimiza ahadi akamwoa siku ile ile. Scipio, amiri wa jeshi la Roma, hakulikubali hilo. Kwake mwanamke yule alikuwa mateka wa Roma, na tena mwenye uwezo wa kuwageuza wafalme nyoyo. Masinissa alipokwama baina ya ahadi na bwana wake, alimtuma mtumwa ampelekee bibi harusi kikombe cha sumu.

Mwandishi Livius, aliyelisimulia tukio hili yapata miaka mia mbili baadaye, anasema Sophonisba alikipokea kuwa ni zawadi ya ndoa, akaongeza kwamba angalikufa vyema zaidi kama asingaliolewa siku ya mazishi yake. Kisha akanywa. Na hapa Livius, mwandishi wa upande wa washindi, ameyatumia mashina yote mawili niliyoyataja hapo juu: hakuonyesha dalili yoyote ya trepidatio, na alikunywa impavide. La kwanza ni ushahidi wa macho, kwani mtumwa aliyesimama mbele yake angaliuona mkono ukitetemeka. La pili ni hukumu juu ya kilichokuwa moyoni, na hapana shahidi aliyeingia humo. Livius hakulazimika kumpa. Angaliweza kuishia kwenye mkono usiotetemeka, akamwacha adui wa Roma na hadhi hiyo tu.

Sasa tumwendee Horatius. Huyu alizaliwa mwaka 65 KK, mwana wa mtu aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Julius Caesar alipouawa, kijana huyu alijiunga na jeshi la Brutus akapewa cheo cha uofisa. Wasomaji wetu wanaijua Filipi kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, iliyotoka mwaka 1963 na kurekebishwa mwaka 1969. Huko ndiko Brutus alikoshindwa na kujiua. Horatius alikuwako, mwaka 42 KK, akiwa na umri wa miaka 22. Yeye hakujiua. Katika shairi la saba la kitabu cha pili cha tungo zake anamkumbusha rafiki wa siku zile kwamba alikimbia na kuiacha ngao nyuma. Wako wahakiki wasemao kuwa hiyo ni mbinu ya kishairi tu, kwa vile Archilochus wa Ugiriki alikwisha kuimba habari ya ngao yake iliyoachwa karne nyingi kabla. Yawezekana. Lakini vita vilikuwa vya kweli, na kushindwa kulikuwa kwa kweli, na ardhi ya babake ilipotea.

Mtu huyo ndiye aliyetunga shairi la tatu la kitabu cha tatu, lililotolewa mwaka 23 KK, linalomsifu mwenye haki anayeshikilia nia yake, asiyetikiswa na kelele za umati wala uso wa mtawala dhalimu. Utungo wake ni wa beti za mistari minne kama mashairi yetu, ila hauna vina, na mizani yake ni 11, 11, 9 na 10. Mwishoni mwa ubeti wa pili anasema kwamba hata mbingu zikivunjika, vipande vyake vitamkuta mtu huyo hana hofu. Neno letu limewekwa mwanzo kabisa wa mstari wa nane. Na hapa sarufi ina la kutuambia: limewekwa katika hali ya mtendwa, impavidum. Simba wa Vergilius anavunja mkuki; mtu wa Horatius havunji chochote. Yeye anapigwa. Nadhani ni aliyekimbia Filipi tu ndiye angaliweza kujua kuwa ushujaa wa kupiga ni mmoja, na huu wa kuangukiwa ni mwingine.

Shairi hilo limetumiwa na watu waliokuwa chini ya kifusi hasa. Inasimuliwa kwamba Cornelis de Witt wa Uholanzi, alipoteswa gerezani mjini The Hague mwezi wa Agosti mwaka 1672 ili akiri njama, aliwasomea watesi wake beti za Horatius. Hakukiri. Mahakama ilimhukumu kufukuzwa nchini, na tarehe 20 ya mwezi huo umati ukamuua pamoja na nduguye Johan. Kelele za umati, zilizotajwa mwanzoni mwa shairi, zilikuwa mlangoni.

Zama zetu zimelipoza neno. Jeshi la maji la Italia liliunda manowari mbili za aina moja, Impavido na Intrepido, zilizoanza kazi katika miaka ya 1963 na 1964. Chuma, naam, hakina hofu. Katika Kihispania cha baadhi ya nchi za Amerika, impávido ameshuka hadi kuwa mtu mkavu wa macho, asiye na haya, safari ile ile ambayo jasiri wetu huianza kila siku barazani.

Mtu akiniuliza nitalitia vipi neno hili katika Kiswahili, sitampa neno moja. Wale pacha nitawaita wasiojua hofu. Simba atakuwa jasiri, na hatanung'unika. Kwa Sophonisba nitasema alikunywa wala hakutetemeka, kwa kuwa lugha yetu hupenda kukanusha kwa kitenzi, na kitenzi kina wakati: hakutetemeka saa ile, pale, mbele ya mtumwa yule. Ni mtu wa Horatius anayenisumbua. Shujaa sitamwita, maana shujaa hupiga. Nimejaribu mstahimilivu, lakini mstahimilivu huenda anaogopa. Kwa sasa nimemwandika asiyetetemeka, na pembeni ya karatasi nimetia alama ya kuuliza.