Kamera ya Dijiti: Istilahi za Msingi kwa Mpiga Picha wa Parokia

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati Inter Mirifica, juu ya vyombo vya upashanaji habari, tarehe 4 Desemba 1963. Kamera ni mojawapo ya vyombo hivyo, na siku ya Komunyo ya Kwanza au Kipaimara hukabidhiwa mwamini ambaye pengine hajawahi kuishika. Kwa ajili ya waamini wa Kerende na majirani zao wa Tarime na Serengeti, tunaeleza hapa maneno ya msingi.

Tundu la lenzi. Ndiyo njia ya mwanga kuingia. Namba ndogo, kama f/2.8, ni tundu pana. Namba kubwa, kama f/11, ni tundu jembamba. Ndani ya kanisa lenye giza tuchague tundu pana.

Shata. Ni pazia linalofunguka na kufungika. Kwa 1/250 ya sekunde, maandamano ya vipaji hutoka bila ukungu. Chini ya 1/60, mtikisiko wa mkono huonekana.

ISO. Ni kipimo cha wepesi wa kamera kuupokea mwanga. Nje, juani, 100 yatosha. Ndani twaweza kufika 1600, ingawa picha itaanza kuwa na chembechembe.

Flashi. Mwanga wake hufika mita chache tu, hivyo haumsaidii aliyeketi nyuma ya kanisa. Izimwe wakati wa mageuzo, na mpiga picha asisimame kati ya altare na waamini.

Zumu. Zumu ya lenzi huvuta kitu karibu bila kuharibu picha. Zumu ya dijiti huikata na kuikuza tu. Ni afadhali kusogea hatua mbili.

Megapikseli. Ni idadi ya nukta za picha kwa mamilioni. Kumi na mbili zatosha kuchapa ukurasa wa A4.

Alama ya mahali. Simu, na baadhi ya kamera, huandika ndani ya faili mahali picha ilipopigwa. Hapa tunasihi kwa uzito. Katika eneo letu wapo wasichana wanaokimbia ukeketaji na kupokelewa katika nyumba salama. Picha moja yenye uso, sare ya shule au alama hiyo yaweza kumwonyesha anayewatafuta mahali walipo. Alama izimwe kabla ya kupiga, na picha za wasichana hao zisisambazwe kamwe.

Kwa watoto wengine, ridhaa ya mzazi au mlezi itangulie. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za kila mtu, nasi tunafundishwa kuwa kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Picha ikishasambaa haikusanyiki tena. Basi, kabla ya kubonyeza kitufe, tujiulize: je, picha hii inamjengea heshima aliyemo, au inamweka hatarini?