Kidole kimoja hakivunji chawa: historia ya kutabiri vimbunga

Tarehe 8 Septemba 1900, kimbunga kikubwa kilipiga mji wa Galveston, jimbo la Texas, kule Marekani. Maji ya bahari yalipanda juu ya kisiwa ambamo mji huo ulijengwa, na watu wanaokadiriwa kufikia 8,000 wakafa. Si kwamba wataalamu wa hali ya hewa hawakuwako. Walikuwako, na simu za telegrafu pia. Lakini ofisi yao kuu ilidhani kimbunga hicho kingegeuka kuelekea Florida. Kikaenda upande mwingine.

Tangu siku hizo, swali limebaki lile lile: hesabu kubwa ya kujua njia ya upepo itafanywa na nani, na je, itaisha kabla upepo haujafika?

Mwingereza Lewis Fry Richardson alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kujaribu kutabiri hali ya hewa kwa hesabu tupu. Alikuwa mwamini wa Quaker, Wakristo wanaokataa kushika silaha. Mwaka 1916, wakati wa vita ya kwanza ya dunia, aliacha kazi yake akaenda Ufaransa kuendesha gari la kubeba majeruhi. Huko, wakati wa mapumziko, alipiga hesabu kwa mkono akiwa na rundo la majani makavu kama meza. Alitafuta namna hewa ingebadilika kwa muda wa masaa 6 tu, kwa siku moja ya mwaka 1910 iliyokuwa imekwisha kupita. Kazi hiyo ilimchukua karibu wiki 6, na jibu likatoka baya kabisa.

Mwaka 1917 maandiko yake yalipotea katikati ya mapigano. Miezi kadhaa baadaye yakaonekana Ubelgiji, chini ya lundo la makaa ya mawe. Kila familia iliyokimbia vita inajua maana ya karatasi kupotea njiani.

Richardson hakukata tamaa. Katika kitabu chake cha mwaka 1922 aliwaza jumba kubwa la duara, lenye watu 64,000 wanaopiga hesabu kwa pamoja. Kila mmoja angeshika kipande chake kidogo cha dunia na kumpa jirani jibu lake. Katikati angesimama kiongozi mmoja, akiwahimiza wanaochelewa na kuwapunguza mwendo wanaokimbia mno. Jumba hilo halikujengwa kamwe, lakini wazo lilibaki: kazi inayomshinda mtu mmoja igawanywe.

Mwaka 1950, mashini ya ENIAC huko Marekani, moja ya kompyuta za kwanza, ilitoa utabiri wa masaa 24. Kazi yenyewe ilichukua karibu masaa 24 vile vile. Utabiri na hali ya hewa vilikuwa vinatembea bega kwa bega. Richardson, aliyefariki mwaka 1953, alipata habari hiyo akiwa bado hai.

Baadaye wataalamu waligundua tatizo lingine. Kosa dogo katika vipimo vya leo linaweza kuwa kosa kubwa baada ya siku chache. Na vipimo haviko sawa kila mahali: vimbunga vingi vya Atlantiki huanzia kwenye mawimbi ya hewa yanayotoka Afrika, bara lenye vituo vichache vya kupima. Kwa hiyo, tangu mwaka 1992, vituo vikubwa vya Ulaya na Marekani hurudia hesabu moja mara nyingi, kila mara vikibadilisha mwanzo kidogo. Njia zinazopatikana zikikaa karibu karibu, utabiri una nguvu. Zikitawanyika, mashaka ni makubwa. Mwaka 2012, hesabu za kituo cha Ulaya zilionyesha karibu wiki moja mapema kwamba kimbunga Sandy kingegeukia pwani ya Marekani, na ndivyo ilivyokuwa.

Watu wa kawaida nao waliingia katika kazi hii. Mwaka 2003, Chuo Kikuu cha Oxford kilianzisha mpango ambamo mtu yeyote anaweza kuazimisha kompyuta yake ya nyumbani ifanye sehemu ya hesabu za tabianchi. Ikumbukwe kwamba kompyuta hizo hazitabiri kimbunga cha kesho, maana majibu yake hukusanywa polepole. Zinasaidia kuelewa namna dunia inayopata joto inavyobadilisha mvua na dhoruba. Utabiri wa kila siku hufanywa na mashini kubwa mno, ambamo ndani yake maelfu ya mashini ndogo hugawana kazi, kama watu wa lile jumba la Richardson.

Hata hivyo, hesabu peke yake haiokoi mtu. Agosti 2005, njia ya kimbunga Katrina ilijulikana vizuri zaidi ya siku mbili kabla hakijafika karibu na New Orleans. Bado watu zaidi ya 1,000 walikufa. Wengi waliobaki mjini hawakuwa na gari la kuondokea, wengine walikuwa wazee na wagonjwa.

Mgawanyo wa kazi, basi, hauishii kwenye mashini. Kuna anayepima, anayehesabu, anayetangaza na anayembeba mzee wa jirani. Mama aliyelala na watoto chini ya shitingi anahitaji habari ifike mapema, na anahitaji pia mahali pa kukimbilia. Kipande hicho kimoja kikikosekana, hesabu zote zimefanywa bure.